Nilimchongea Mtani Wangu kwa Afande, Sasa Hataki Hata Kunitukana

Nimekosa, jamani. Naanza hapo hapo, maana nikianza kwa kujieleza nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nilimpeleka mtu polisi kwa kosa la kuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, na mtu mwenyewe tulinyonya ziwa moja. Haya, nimeshasema. Ukitaka kunitukana, nitukane. Utaona huko mbele kwa nini sitakasirika.

Mie ni mkulima wa mpunga, bonde la Rufiji, upande wa Kibiti. Kijiji sikitaji, kwa sababu nikikitaja tu watu watasema, "Ahaa, ni yule wa filimbi!" Ndiye. Mie ndiye yule wa filimbi.

Filimbi nilipewa tulipoanzishiwa ulinzi shirikishi. Kila mlinzi alipata filimbi, kirungu na kizibao cha kung'aa, kile cha rangi ya chungwa chenye mistari. Wenzangu walikivaa zamu zao zikifika. Mie nilikivaa kwenda shamba, nikakivaa kwenda gengeni, na Ijumaa moja nikakivaa kwenda msikitini, imamu akaniuliza kama kuna ajali barabarani.

Mke wangu alikuwa akikifua huku ananung'unika. "Baba Zena, hiki kitu kinakuangaza nje tu. Ndani giza." Nikamwona mwanamke hajui mambo ya usalama!

Kitu kimoja tu nilikikosa. Bunduki.

Usinitazame hivyo. Bondeni kwetu bunduki si ujambazi. Mpunga ukichanua sote tunahamia mashambani, tunakaa juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu vya kupanda kwa ngazi, tunalinda. Mchana ndege na tumbili, jioni nguruwe, na kiboko akitoka mtoni, shamba unaliaga. Debe utalipiga mpaka mkono ufe ganzi, nguruwe anakutazama kama mtu aliyealikwa harusini, anasubiri ngoma iishe aletewe pilau. Kinachowatimua ni mlio wa gobore. Na gobore, upande wa madungu yetu, lilikuwa moja tu. Lilikuwa la huyu nitakayemwita Mtani.

Mtani ndiye ninayeungama habari zake. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Babu yake alivuka Ruvuma akaja kukata boriti za mikoko kule Nyamisati, kisha akapanda huku bondeni, akaoa, akazaa, akafa, akazikwa hapa. Baba yake kazaliwa hapa. Yeye kazaliwa hapa. Mama yangu, aliyekuwa mkunga wa kijiji, ndiye aliyemzalisha mama yake. Na maziwa yalipomgomea yule bibi, mama yangu akatunyonyesha sote wawili, huyu huku, huyu huku.

Kwa hiyo Mtani ni ndugu yangu wa kunyonya. Lakini utani haujali hayo. Tangu nipate akili nikimwona namwambia, "We mtu wa ng'ambo, mtumbwi wako umeufunga wapi? Rudi kwenu!" Naye hunijibu, "Nikirudi kwetu nani atakulinda, we mwoga wa panya?" Asubuhi isiyo na matusi ya Mtani, hata chai ilikuwa haishuki.

Gobore lile lilikuwa la marehemu baba yake, na kibali chake kilikuwa cha marehemu baba yake. Baada ya msiba alikuwa aende wilayani kubadilisha jina. Lakini mara mafuriko, mara mtoto anaumwa, mara mpunga unamwita. Unajua yanavyokuwa. Siri hiyo alinieleza mwenyewe, juu ya dungu lake, tunakula kambale wa kuchoma aliyemtoa yeye. Tulioijua tulikuwa watatu: yeye, mkewe Bi Mwajuma, na mie mla kambale.

Sasa sikiliza ujinga.

Akaja Afande mpya wa kata, akaitisha mkutano wa kijiji. Mambo mawili, akasema. La kwanza, wahamiaji haramu: polisi wa kata wameambiwa wasaidiane na watu wa uhamiaji, kwa hiyo mgeni asiyejulikana atajwe. La pili, silaha: isiyo na kibali isalimishwe. Watu kimya. Kule kwetu, baada ya ile miaka mibaya ya watu kuuawa kwa risasi, ambayo kila mtu wa Kibiti anaijua na hakuna anayependa kuihadithia, ukitaja mgeni na bunduki kwa pumzi moja, hata mtoto analiacha ziwa.

Aliyevunja ukimya ni Mtani. Akanyoosha mkono.

"Afande, sheria tumeielewa. Na nguruwe je, umewaeleza? Maana kwangu wanaingia bila kibali, na uraia wao siujui."

Mkutano ukaangua kicheko. Afande naye akatabasamu. "Haki ya kulinda shamba lako unayo, mzee wangu," akasema. "Ila silaha ina masharti yake. Uwe raia, na kibali kiwe kwa jina lako."

"Basi sisi hatuna shida, tuna mlinzi," Mtani akasema, akaninyooshea kidole. "Mtazame alivyovaa! Nguruwe wakija, ile filimbi anaipiga huku anakimbia. Kwa hiyo angalau tunajua kafika wapi."

Lo! Watu wakashikana. Kuna mzee alianguka kwenye kiti. Mke wangu, mke wangu mwenyewe niliyemwoa kwa mahari, kajifunika khanga usoni na mabega yanatikisika. Damu ikanipanda. Nikasimama na kizibao changu, nikapaza sauti:

"Afande! Anza na huyu huyu anayechekesha watu! Huyu si wa hapa! Kaja na mtumbwi toka Msumbiji, na bunduki kaificha dunguni!"

Wakacheka tena, na Mtani akacheka kuliko wote, akanipigia makofi. "Leo umejitahidi, mwoga wa panya!" Ulikuwa utani mzuri, wallahi. Ungeishia pale nisingekuwa na la kuandika leo.

Asiyecheka alikuwa Afande.

Mkutano ulipovunjika akaniita pembeni, penye gari. "Wewe wa kizibao, njoo kidogo." Jamani! Niliitwa mie, mbele za watu, na mtu mwenye nyota begani! Nilitembea kuelekea lile gari kama bwana harusi.

"Yale uliyoyasema," akaniuliza, "ni utani au ni kweli? Utani naujua, hata kwetu upo. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe."

Unaona? Mtu wa watu alinifungulia mlango. Nilitakiwa kusema neno moja tu: utani. Lilikuwa pale ulimini. Lakini Afande akaongeza, "Natafuta walinzi waaminifu. Kuna mafunzo ya mgambo yanakuja, na ya silaha yamo."

Nikajishika kiuno. Nikakohoa kama mheshimiwa diwani. Nikasema, "Afande, utani nao hauanzii hewani."

Halafu, kama vile hilo halikutosha, nikamtolea na siri. "Kibali cha lile gobore ni cha marehemu."

Astaghfirullah. Nilisema hivyo kwa mdomo huu uliokula kambale wake.

Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, nitakwambia, na ucheke: niliwaza watalichukua gobore, watanikabidhi mie mlinzi, kisha jioni Mtani atalisikia likilia toka dungu langu na hataniita tena mwoga wa panya. Basi. Habari ya uraia wala sikuitilia maanani. Kuwa mtu anaweza kufungiwa kwa sababu ya mahali alikotoka babu yake, hilo halikuingia kichwani mwangu, na kichwa chenyewe nilikuwa nacho.

Asubuhi yake wakaja kumchukua. Na nani aliyewaongoza njia mpaka dunguni? Mie, kizibao kimefuliwa.

Mtani akatuona toka juu. "Karibuni, karibuni! Naona mwoga wa panya leo kaja na walinzi wake!" Akashuka ngazi anacheka, akapokea salamu za Afande anacheka. Aliacha kucheka alipoona pingu.

Wakapanda wakalishusha gobore. Wakamwuliza kitambulisho, akasema kilikwenda na mafuriko, na sanduku zima. Wakamwuliza baba, akawatajia. Wakamwuliza babu, akawatajia, hakuficha, kwa nini afiche? Kisha akanigeukia. Akasema taratibu, "Mtani, waambie."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika toka madungu mengine. Bi Mwajuma alikuwa analia. Mtani ananitazama, anangoja niseme. Unajua nilifanya nini? Nikapuliza filimbi. Nikapuliza filimbi kutawanya watu!

Wakaondoka naye kwenda Kibiti. Nikajipa moyo kuwa atarudi jioni. Jioni hakurudi, na kesho yake hakurudi, wakasema anashikiliwa mpaka ijulikane ni wa wapi. Mpunga ndio kwanza ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa.

Nilikwenda kituoni kuuliza. Nilimwuliza Afande kuhusu gobore, si kuhusu Mtani! Nitakabidhiwa lini? Afande akanitazama sana. "Ukabidhiwe? Lile ni kielelezo cha kesi, mzee wangu. Linakaa hapa."

Basi nikarudi na kirungu changu.

Nguruwe hawana gazeti, lakini habari zinawafikia. Siku chache tu bila mlio, walikuwa wameshajua. Wakaanza na shamba la Mtani, kisha wakavuka mpaka wakaja kwangu, kwa adabu kabisa, kama jirani anayeazima chumvi. Halafu jioni moja, jua halijazama vizuri, akatoka mwenyewe, kiboko. Mie nilikuwa chini, nimesimama kwenye tuta na kizibao changu kinachong'aa. Nikapiga debe. Akaja. Nikapiga kelele. Akaja. Nikageuka nikatimua mbio, na filimbi imo mdomoni, na kila pumzi niliyotoa ilikuwa inapiga: prii, prii, prii, mpaka juu ya dungu.

Bi Mwajuma alikuwa juu ya dungu lake na watoto, analinda peke yake shamba ambalo halikuwa tena na cha kulindwa. Alisikia yote. Alijua nimefika wapi, kama mumewe alivyosema. Ila hakucheka, na mie nilikaa pale juu namsubiri acheke.

Nyumbani kijijini mama alikuwa hajui kitu. Alikuwa mzee, macho yameshamtupa, hatoki. Nilikuwa nimemwambia Mtani kasafiri. Mke wangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akamweleza mwanzo hadi mwisho. Mama akasikiliza, akaomba fimbo yake.

"Niitieni bodaboda," akasema. "Na huyo mwanangu naye aje. Avae na hicho kikoti chake, nasikia kinapendeza."

Tukaenda Kibiti bodaboda mbili, mama mbele, mie nyuma nakula vumbi lake. Kituoni Afande akainuka, akampa kiti, "Shikamoo mama." Mama akaitika marahaba, hakukaa.

"Mwanangu, umemfunga mtoto wangu. Huyo nimempokea mimi kwa mikono hii. Kitovu chake nimekizika mwenyewe, nyuma ya nyumba ya baba yake, nikapanda mnazi juu yake. Mnazi upo, unazaa. Nipe gari nikakuoneshe."

"Mama, taarifa tuliletewa," Afande akasema kwa heshima. "Na mtu wa huko huko kwenu."

"Nani?"

Afande akanitazama. Mie nikatazama viatu vyangu. "Yupo hapa hapa, mama. Amevaa kizibao."

Mama alijua, lakini nadhani alitaka asikie kwa sikio lake. Akatikisa kichwa. "Huyo? Mwulize huyo kitovu chake kiko wapi! Mwaka ule mto ulijaa, tunahamishwa, uchungu ukanishika katikati ya maji. Nimemzaa ndani ya mtumbwi, tena mtumbwi wa kuazima. Kitovu kikachukuliwa na mto, sijui kililiwa na kambale, sijui na mamba. Unamtafuta aliyekuja na mtumbwi? Ndiye huyo!"

Kituo kizima kilicheka. Askari wa zamu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mahabusu walicheka nyuma ya nondo. Mie mwenyewe nilijikuta nacheka, maana lilikuwa tusi la daraja la kwanza, na nikageuka kumtafuta Mtani nione anavyolifurahia. Utani kama ule angeweza kuula mwaka mzima.

Mtani alikuwa amesimama nyuma ya nondo kama wenzake. Alikuwa hacheki.

"Vua kizibao," Afande akaniambia. Nikavua. "Na mafunzo ya silaha, sahau. Ulimi tu umekushinda, nitakupa risasi?"

Walikuja wazee wengine kutoa ushahidi, na mjumbe wetu, na watu wa uhamiaji wakaridhika, wakamwachia. Gobore halikurudi. Akaambiwa ashukuru kupewa onyo tu, aanze upya kuomba kibali kwa jina lake, na mpaka leo ninapoandika hajajibiwa. Alikuta shamba limekuwa kiwanja cha mpira. Mwaka ule yeye na Bi Mwajuma walilima vibarua kwenye mashamba ya watu ili watoto wale. Nilimpelekea nusu gunia la mpunga uliosalimika kwangu. Akalipokea, akashukuru, na wiki ile ile Bi Mwajuma akalirudisha mlangoni kwangu, halijafunguliwa.

Nikaenda kuomba radhi. Nilijiandaa kwa matusi yote ya ulimwengu. Nilikuwa nimeshajipanga nitakavyoyapokea, mengine nimeyatunga mwenyewe ili nimsaidie.

"Mtani, nimekosa. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, bwana."

Bwana! Nikafikiri kanichanganya na mtu. Nikamchokoza. "We mtu wa ng'ambo, mtumbwi wako umeufunga wapi?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Sina mtumbwi, bwana. Karibu chai."

Kijiji kizima sasa kinaniita Raia wa Majini. Watoto wananiita, wauza samaki wananiita, mke wangu akikasirika ananiita. Mtu mmoja tu haniiti, naye ndiye mwenye haki na jina hilo.

Kisha mama akafariki.

Kwetu msibani watani ndio wenye shughuli. Wao ndio wanaochimba, wao ndio wanaochekesha wafiwa. Mtani wa ukoo huvaa khanga za marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akalala njiani mbele ya jeneza, hapiti mtu mpaka apozwe kwa hela. Mfiwa analia, na hapo hapo anacheka, na hivyo ndivyo tunavyopita msiba. Watu wote walikuwa wanamtazama Mtani. Khanga za mama walikuwa wameshamtolea, zimekunjwa, zimewekwa kwenye mkeka.

Alikuja kabla ya watu wote. Alishika jembe kabla ya watu wote. Khanga hakuzigusa.

Shehe akauliza nani maharimu, jamaa wa karibu wasioweza kuoana naye, wa kumshusha mama kaburini. Nikashuka mie, akashuka na Mtani, kwa haki ya lile ziwa. Tukawa wawili mle ndani, bega kwa bega. Mama alimpokea yeye siku anakuja duniani, naye akampokea mama kwa mikono miwili, taratibu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Sema chochote. Niambie chochote, Mtani."

"Shika vizuri upande wa kichwa, bwana," akasema.

Ndiyo hayo, ndugu zangu. Sikuandika ili mnionee huruma, nilishajionea vya kutosha na haikunisaidia. Nimeandika kwa ajili yako wewe unayeniona mjinga na huku kwako kuna kizibao umekitundika mlangoni, au kiti, au cheo, au namba ya mkubwa kwenye simu. Ya utani yaache kwenye utani. Mwenye pingu akikuuliza kama ni kweli, jibu haraka, kabla tamaa haijakujibia. Na ukiwa na mtu anayekutukana mbele za watu na wewe unacheka, mshike sana huyo. Siku akianza kukuita bwana, hutampata hata kwa bunduki.

Na wewe, Mtani, najua Zena atakusomea haya, maana nimemwagiza. Kiboko anatoka tena siku hizi. Jana kanikimbiza. Filimbi sina, walininyang'anya, kwa hiyo safari hii hujasikia nimefika wapi. Nimefika hapa. Nitukane, ndugu yangu. Hata moja tu.